Anayehisi Mgeni Mwilini Mwake Si Mwendawazimu

Huenda wewe msomaji umewahi kupatwa na jambo hili ukanyamaza. Umeketi ndani ya matatu jioni, hujalala vyema kwa siku mbili, na ghafla unaitazama mikono yako kama ya mtu mwingine. Unamjibu kondakta, lakini sauti yako ni kana kwamba yatoka mbali. Baada ya dakika chache hali hiyo inapita.

Wengi hupatwa nayo, hasa baada ya ajali, hofu kuu, uchovu au kuvuta bangi. Huo si ugonjwa. Lakini kuna wale ambao huwaganda kwa miezi, hata miaka. Wataalamu hukadiria kuwa ni takriban mtu mmoja katika kila mia, na mara nyingi huanza ujanani. Mfaransa Ludovic Dugas aliipa hali hii jina la kitaalamu mnamo 1898, kwa hivyo asikudanganye mtu kwamba ni maradhi ya vijana wa siku hizi.

Mgonjwa humkumbatia mwanawe akijua anampenda, asihisi chochote. Ubongo, waeleza wataalamu wengi, hufanya kama swichi kuu ya stima: hatari ikizidi, huzima hisia ili mtu astahimili. Kwa wengine swichi hukataa kurudi.

Sasa lisikilize neno moja: "kama". Aliyerukwa na akili huamini kabisa kwamba mikono si yake. Huyu hujua ni yake, ila yaonekana kama si yake. Hiyo ndiyo tofauti, nasi jamaa huikosa. Kijana akijaribu kueleza tunasema amerogwa au ana mapepo. Basi hunyamaza, hofu humzidi, na hofu ndiyo inayoilisha hali hii.

Daktari aonwe kwanza, kwani hata kifafa chaweza kuleta hisia kama hizo. Dawa maalumu bado haijapatikana, lakini mazungumzo na mshauri husaidia wengi, na mfadhaiko ukiwapo hutibiwa. Jina la Mathari likikutisha (nalo huwatisha wengi bila sababu), hospitali kuu za kaunti kadhaa zina kliniki za afya ya akili.

Mtu wako akikwambia, "Ni kana kwamba mimi siye mimi," muulize ilianza lini, hulala saa ngapi, na iwapo ana mawazo ya kujidhuru. Akikiri hilo la mwisho, usingoje kesho. Mpeleke hospitalini siku iyo hiyo.