Uanagenzi wa Mbali: Hisani Isijengwe kwa Jasho la Bure

Sifa ya mashirika makubwa ya hisani ya Uingereza imeenea duniani kote. Shirika la Save the Children lilianzishwa mwaka 1919 ili kuwalisha watoto wa Ujerumani na Austria, ambao baba zao walikuwa maadui wa Uingereza vitani muda mfupi tu uliotangulia. Oxfam lilizaliwa katika mji wa Oxford mwaka 1942, wakati wananchi wa Ugiriki walipokuwa wakifa kwa njaa chini ya majeshi ya Ujerumani na washirika wake. WaterAid lilianzishwa mwaka 1981, na shughuli zake za maji zimefika hadi vijijini Tanzania. Katika England na Wales peke yake mashirika ya hisani yaliyoandikishwa yanazidi 160,000.

Mashirika haya yamejipa kazi ya kumwinua mnyonge. Basi ni haki kabisa kuyapima kwa jinsi yanavyomtendea mnyonge aliye chini ya paa lao wenyewe. Naye siku hizi aghalabu hayuko hata chini ya paa hilo. Ni mwanagenzi, yaani kijana anayejifunza kazi kwa kuifanya, aliye peke yake chumbani kwao, mbali na makao makuu, na kompyuta mbele yake.

Uanagenzi wa namna hii haukuenea kwa hekima ya mtu. Ulisukumwa na msiba. Tarehe 23 Machi, 2020, serikali ya Uingereza iliamuru wananchi wakae majumbani mwao ili kuzuia ugonjwa wa Korona. Ofisi zikafungwa, maduka ya hisani yakafungwa, na vijana waliokuwa wameahidiwa nafasi za kujifunza kazi ama walifutiwa nafasi hizo ama waliambiwa wazifanye nyumbani kwa njia ya intaneti. Ofisi zilipofunguliwa tena, desturi ya kufanya kazi nyumbani haikutoweka, wala uanagenzi wa mbali haukutoweka. Kwa hiyo wakati umefika wa kuuliza kama jambo lililoanza kwa dharura lina haki ya kuendelea kama lilivyo.

FAIDA YAKE

Itakuwa dhuluma kuulaani uanagenzi wa mbali bila kuueleza wema wake. Kwa miaka mingi nafasi nyingi za kujifunza kazi katika mashirika makubwa zilikuwa London, mji ambao kodi ya chumba humlemea mtu mzima mwenye mshahara, sembuse kijana asiye nao. Mwaka 2009 jopo lililoongozwa na Alan Milburn, waziri wa zamani katika serikali ya chama cha Labour, lilionya kuwa uanagenzi usiolipwa ulikuwa ukiwafungia vijana wa tabaka la chini milango ya kazi za kitaaluma. Mwaka 2018 Sutton Trust, taasisi inayopigania usawa katika elimu, ilikadiria kwamba kijana anayefanya uanagenzi bila malipo mjini London alihitaji zaidi ya pauni 1,000 kila mwezi ili aweze kuishi. Mtoto wa dereva wa basi wa Newcastle angezipata wapi? Hivyo nafasi hizo zikawa kama urithi wa wale ambao wazazi wao walikuwa na nyumba London, au walikuwa na fedha za kuwalipia chumba huko.

Kazi ya mbali imeubomoa upande mmoja wa ukuta huo. Kijana wa Cornwall au wa visiwa vya Scotland anaweza kulitumikia shirika kubwa bila kuhama kwao. Mlemavu anayetumia kiti cha magurudumu hahitaji kila asubuhi kupambana na ngazi za stesheni za reli. Mama mwenye mtoto mchanga anaweza kujifunza kazi mtoto akiwa karibu naye. Haya ni maendeleo ya kweli, na yeyote anayedai kwamba wanagenzi wote warudishwe London kwa amri moja anataka, pengine bila kujua, kuujenga upya ukuta ule ule.

Hata hivyo, kumfungulia mtu mlango ni jambo moja, na kumkaribisha ndani ni jambo jingine.

CHUMBANI PEKE YAKE

Siku ya kwanza mwanagenzi wa mbali huonyeshwa nyuso za wenzake katika vijisanduku vya kioo cha kompyuta. Kila mmoja hutaja jina lake na cheo chake, kisha nyuso hizo hutoweka na kijana hubaki na orodha ya kazi. Atahakiki majina ya wafadhili. Ataandika barua za shukrani. Atatafuta mifuko inayoweza kutoa fedha. Atapanga tarakimu za taarifa ya mwaka. Kazi hizi si za kudharauliwa, kwani shirika haliwezi kuishi bila hizo. Uzito hauko katika kazi, uko katika ukimya unaoizunguka.

Akikwama, amwulize nani? Ofisini angegeuza shingo tu. Nyumbani hana budi kuandika ujumbe, na kabla ya kuuandika hujiuliza kama swali lake ni la kijinga, kama mkubwa wake yuko mkutanoni, kama jana hakuuliza mengi mno. Anaandika, anafuta, anaandika tena. Jibu huenda likaja mchana, huenda likaja kesho. Katika muda huo ama hukaa bure akiona haya, ama huendelea kwa kubahatisha. Hakuna anayeliona jasho lake wala machozi yake. Alama ndogo ya kijani kwenye kioo husema tu kwamba yupo.

Wala vyumba vyenyewe havilingani. Mmoja ana meza, kiti kizuri na mlango wa kufunga. Mwingine anakaa kitandani, kompyuta juu ya mapaja, na wadogo zake wanapiga kelele pembeni. Umeme, moto wa kupasha nyumba wakati wa baridi, na ada ya intaneti, mambo ambayo ofisini yalikuwa juu ya shirika, sasa yako juu ya kijana na wazazi wake. Yafaa jambo hili litazamwe vema: shirika limeokoa, na kijana ndiye aliyelipa.

MWALIMU YUKO WAPI?

Mhunzi hafundishwi kwa barua. Mwanafunzi wake hukaa karibu na moto, akavuta mivukuto, huku macho yake yakiufuata mkono wa fundi jinsi unavyoinua nyundo. Kazi ya ofisi nayo ina siri zake: jinsi mkongwe anavyomtuliza mfadhili aliyekasirika, jinsi anavyosoma bajeti na kugundua mahali penye kasoro, jinsi anavyokataa jambo bila kumvunjia mtu heshima. Hayo hayamo katika kitabu cha maelekezo. Huonwa na kusikiwa, kisha hushika.

Jambo hili si dhana tupu. Mwaka 2023 wachumi watatu wa Marekani, Natalia Emanuel, Emma Harrington na Amanda Pallais, walitoa uchunguzi juu ya waandishi wa programu za kompyuta katika kampuni moja kubwa. Kabla ya Korona, wale waliokaa jengo moja na wenzao wa kikosi walipata masahihisho na mashauri mengi zaidi juu ya kazi yao kuliko wale ambao vikosi vyao viligawanyika katika majengo tofauti. Ofisi zilipofungwa, faida hiyo ilipotea kwa sehemu kubwa. Walionufaika zaidi na ujirani huo walikuwa vijana na wageni wa kazi. Lakini uchunguzi huo huo ulionyesha pia kwamba wakongwe waliokaa karibu na vijana walitoa kazi kidogo zaidi ya kwao wenyewe, kwa kuwa muda wao ulitumika kufundisha.

Waandishi wa programu si watumishi wa hisani, lakini funzo ni lile lile. Kufundisha ni kazi, na kazi hiyo ina gharama. Shirika lisilotaka kuibeba gharama hiyo lisijisifu kwamba linafundisha.

UJIRA

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Sheria ya Kima cha Chini cha Mshahara ilipitishwa na Bunge la Uingereza mwaka 1998, ikaanza kutumika Aprili 1999. Ilimlinda mfagizi, mpishi na mfanyakazi wa kiwandani. Lakini kifungu cha 44 cha sheria hiyo kiliwaacha nje wafanyakazi wa kujitolea wa mashirika ya hisani, ambao wanaweza kurudishiwa nauli na gharama zao bila kulipwa mshahara. Kusudi lake halikuwa baya. Bibi mstaafu anayeuza nguo za mitumba katika duka la hisani asubuhi mbili kwa juma, ajaye apendapo na aondokaye apendapo, hakuomba mshahara. Kujitolea kwake ni zawadi ya hiari.

Je, kijana aliyepangiwa saa saba kwa siku, siku tano kwa juma, kwa miezi mitatu, anayetakiwa kutoa taarifa ya kazi yake, na ambaye asipokuwapo kazi hulala, huyo naye ni sawa na bibi wa duka? Aprili 2025 kima cha chini kwa wenye umri wa miaka 21 na zaidi kiliwekwa kuwa pauni 12.21 kwa saa. Kwa saa 35 kila juma, kwa majuma 13, jasho la kijana huyo lingestahili zaidi ya pauni 5,500. Asipolipwa, hiyo ndiyo sadaka anayolitolea shirika, na pengine anaitoa akiwa na deni la masomo shingoni mwake.

Yako mashirika yanayowalipa wanagenzi wao mshahara kamili, nayo yanastahili sifa. Watetezi wa yale yasiyolipa husema kwamba kila pauni anayopewa mwanagenzi imetoka mdomoni mwa mtoto mwenye njaa. Hoja hiyo huvuta machozi, lakini haisimami. Shirika hilo hilo humlipa mkurugenzi wake, mhasibu wake na wakili wake. Hulipa ankara za umeme na za kompyuta. Wala hakuna anayesema kwamba hao wanamnyang'anya mtoto. Kwa nini huruma imdai yule wa chini peke yake? Tena shirika lililopunguza vyumba vya ofisi kwa sababu watu wanafanya kazi nyumbani limepata nafuu. Nafuu hiyo imekwenda wapi, ikiwa aliyeileta hapati hata sehemu yake?

Shirika la Afya Duniani, ambalo ni chombo cha mataifa wala si shirika la hisani, nalo lilikuwa na desturi ya kutowalipa wanagenzi. Mwaka 2020 lilianza kuwapa posho, ili vijana wa nchi maskini nao wapate kushiriki. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Lakini shirika linalopigania haki za watu haliwezi kujitetea kwa udhuru wa kinyozi.

KISIMA KISICHOONEKANA

Upo upande mwingine, unaowahusu hata watu walio mbali sana na Uingereza. Barua za kuomba fedha kwa ajili ya kisima cha Tanzania au zahanati ya Sudan Kusini huweza kupita mikononi mwa kijana huyu. Shirika la VSO lilipoanza mwaka 1958, vijana wa Kiingereza walikwenda ng'ambo kwa chakula, malazi na fedha kidogo za matumizi. Walikuwa na mapungufu yao, lakini angalau waliishi kati ya watu waliokwenda kuwatumikia, wakayanywa maji yao.

Mwanagenzi wa mbali anaandika juu ya kijiji ambacho hajapata kukiona, kwa maagizo ya mkubwa ambaye hajapata kuonana naye ana kwa ana. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Hatari iliyopo ni kwamba atairudia picha ile ile ya zamani ya Mwafrika aliyenyoosha mkono akingoja kupewa, kwa sababu ndiyo picha aliyoikuta katika mafaili. Lakini intaneti ile ile inayomtenga na London ingeweza kumkutanisha na fundi wa maji wa Dodoma au mwuguzi wa Juba, akasikia kutoka kwao wenyewe wanachokifanya na wanachokihitaji. Kama umbali hauzuii kazi, basi hauzuii mazungumzo pia.

LA KUFANYA

Chama cha Labour, kabla ya kushika serikali Julai 2024, kiliahidi kupiga marufuku uanagenzi usiolipwa, isipokuwa ule ulio sehemu ya masomo. Mwaka 2025 serikali yake ilikusanya maoni juu ya jambo hilo. Marufuku ya namna hiyo haitakuwa na maana kubwa ikiwa mlango wa kifungu cha 44 utaachwa wazi kwa kila shirika linalojiita la hisani. Bibi wa duka aachwe na hiari yake. Aliyepangiwa saa na majukumu alipwe.

Mashirika yenyewe hayana haja ya kungoja sheria. Kila mwanagenzi wa mbali apewe mwalimu mmoja anayejulikana, na mwalimu huyo apunguziwe kazi nyingine ili apate saa za kufundisha. Apewe vifaa na gharama za intaneti. Akutane na wenzake uso kwa uso mara kwa mara, kwa nauli ya shirika. Asikilizishwe sauti za watu ambao fedha zinaombwa kwa jina lao. Na mwisho wa juma apate ujira wake kama mfanyakazi mwingine yeyote.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walisema apewe jembe. Hawakusema anyimwe chakula.