Mguu uliopinda haunyooki kwa plasta peke yake

KILA ifikapo Juni 3, Uganda nzima huzungumzia miguu. Mahujaji humiminika Namugongo kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda, wengine wakiwa wametembea kwa siku nyingi kutoka mbali. Lakini ni wachache wanaojua kwamba tangu mwaka 2013, tarehe hiyo hiyo ni Siku ya Mguu Kifundo Duniani, yaani siku ya watoto wanaozaliwa nyayo zao zikiwa zimepinda kuelekea ndani na chini.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Kampala. Nilikulia na kusoma Kenya, baada ya wazazi wangu kukimbia vita vya miaka ya 1980. Pengine ndiyo sababu suala hili limenigusa, kwani historia ya tiba yake ni historia ya wakimbizi.

Dk. Ignacio Ponseti alizaliwa Juni 3, 1914 katika kisiwa cha Menorca, Hispania. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipomalizika mwaka 1939, alikimbilia Ufaransa, kisha Mexico, na mwaka 1941 akafika Iowa, Marekani. Huko aligundua kwamba watoto waliofanyiwa upasuaji mkubwa wa mguu kifundo walikua na miguu mikavu yenye maumivu. Akabuni njia nyingine: kuunyoosha mguu taratibu kwa mkono, kuufunga plasta, na baada ya wiki moja kuufungua na kuunyoosha tena. Kwa miongo kadhaa wenzake hawakumsikiliza.

Njia hiyo ililetwa Uganda mwaka 1999 na Dk. Norgrove Penny, Mkanada aliyekuwa akifanya kazi hapa nchini, akishirikiana na Dk. Shafique Pirani, mzaliwa wa Uganda ambaye maisha yake ya ugenini yalianza Waasia walipofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Aliyefukuzwa alirudi na dawa mkononi.

Je, kwa nini kunyoosha taratibu kunafaulu pale nguvu inaposhindwa? Jibu limo katika chembe hai ndogo ziitwazo faibroblasti. Hizi ndizo mafundi wa mwili. Hutengeneza kolajeni, nyuzi zinazoipa ngozi, kano na mishipa ya viungo uimara wake. Katika mguu kifundo, nyuzi za upande wa ndani na wa nyuma ni nene na zimekaza.

Wanasayansi wameziweka chembe hizi ndani ya rojorojo la kolajeni katika maabara, ili kutengeneza kitu kinachofanana na nyama ya mwili. Zikiachwa huru, hulivuta rojorojo hadi likasinyaa. Kingo zikishikiliwa, chembe hujipanga kufuata mwelekeo wa mvuto, na nyuzi nazo hujipanga hivyo hivyo. Faibroblasti haina macho wala masikio, lakini inahisi inavutwa na hubadili kazi yake. Mvuto ukiwa wa kiasi, hujenga upya. Mvuto ukizidi mpaka nyama ikachanika, mwili hufanya kazi ya kuziba jeraha, na kinachobaki ni kovu gumu.

Naam, rojorojo la maabara si mguu wa mtoto. Hata hivyo, kanuni hiyo inatusaidia kuelewa kwa nini plasta tano au sita, zikibadilishwa kila wiki, huweza kufanya kile ambacho nguvu haiwezi. Wengi wa watoto huhitaji pia kano ya kisigino ikatwe kidogo, kisha inajiunga yenyewe ikiwa ndefu zaidi. Wahenga hawakukosea waliposema samaki mkunje angali mbichi.

Tatizo letu linaanza plasta inapotolewa. Mtoto anatakiwa avae viatu maalumu vilivyounganishwa kwa chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu ya kwanza, halafu wakati wa kulala hadi afikishe takriban miaka minne. Hapo ndipo wengi hukata tamaa.

Jirani yangu mmoja, mama wa mtoto wa kiume, aliviacha viatu hivyo baada ya miezi michache. Abiria kwenye taksi walikuwa wakimkodolea macho, na ndugu wa mumewe walimwambia anamfunga mtoto pingu. "Mwalimu, mguu si umeshanyooka? Nimtese wa nini?" aliniuliza. Kabla ya mwaka kwisha, mguu ulikuwa umerudi kupinda, ikabidi aanze plasta upya.

Simlaumu. Hakuna aliyemweleza kwamba mguu ulionyooka kwa macho bado haujamaliza kujengwa ndani. Mafundi wale wanaendelea kusuka nyuzi, na wasipopewa mwelekeo husuka kama walivyosuka mwanzo.

Utafiti uliofanywa hapa Uganda na kuchapishwa mwaka 2010 uliwahesabu watoto zaidi ya 110,000 waliozaliwa hospitalini, na 130 kati yao walikuwa na mguu kifundo. Hiyo ni zaidi kidogo ya mtoto mmoja katika kila 1,000. Kwa nchi yenye uzazi kama wetu, ni watoto wengi kila mwaka, na karibu wote wanaweza kutembea wima bila upasuaji mkubwa.

Uganda ilionyesha njia kwa kuwafundisha maofisa wa mifupa, wasio madaktari, kufunga plasta hizi. Sasa tukamilishe kazi. Kila mkunga akague nyayo za mtoto kabla mama hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Bajeti ya afya itambue viatu na nauli za kurudi kliniki, si plasta pekee, maana mama asiye na nauli hawezi kufuata ratiba ya miaka minne. Na maelezo yatolewe kwa lugha ambayo mama anaielewa, mbele ya baba na bibi wa mtoto.

Plasta ni kazi ya wiki chache. Viatu ni kazi ya miaka, na haifanyiki hospitalini, inafanyika kitandani kwa mama kila usiku. Tukimwacha mama huyo peke yake, tusishangae mguu ukirudi ulikotoka.