Tuta la Jirani na Usingizi wa Watoto

Viwanja vingi vya pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Bunju na Mabwepande hadi Mbagala na Toangoma, vimekatwa kwenye mabonde. Mwenye kiwanja akichoka kuingiliwa na maji kila masika, huita katapila likasukuma udongo kukatiza korongo. Likapatikana tuta, na nyuma yake lambo dogo. Mvua ikipiga, maji yanatulia pale kwanza, kisha yanashuka taratibu. Si wazo baya hata kidogo.

Ila tuta lina mwenyewe mmoja, na bonde lina familia nyingi.

Usiku wa Mei 9, 2018, huko Solai, Nakuru nchini Kenya, bwawa la udongo lililokuwa ndani ya shamba la mtu binafsi lilipasuka baada ya mvua kubwa. Zaidi ya watu 40 walikufa, watoto wakiwamo. Lile lilikuwa bwawa la shamba, kubwa kuliko la uwani kwa jirani, lakini udongo ni udongo.

Mzazi anayeishi chini ya tuta kama hilo asisubiri masika. Aende akaliangalie wakati wa kiangazi, kwa ruhusa ya mwenyewe. Kitu cha kwanza ni utoro, yaani njia ya pembeni ya kutolea maji yaliyozidi. Je, upo? Haujazibwa na taka? Pasipo utoro, maji hupita juu ya tuta, hula udongo wa upande wa chini, na ufa mdogo hugeuka mlango kwa muda mfupi sana. Bomba moja jembamba lililofukiwa chini halitoshi, hata fundi aseme nini.

Kisha aangalie mashimo ya panya, vichuguu na miti iliyoota juu ya tuta, kwa sababu mzizi ukioza huacha njia ya maji. Tuta likichuruzisha maji safi upande wa chini, linahitaji mtaalamu. Yakitoka na tope, linaliwa kwa ndani. Hapo hakuna mjadala tena, familia ihame bondeni kwanza, maneno yafuate.

Mazungumzo na jirani yaanze kwa heshima, ikibidi mjumbe awepo. Wengi hawajui kwamba Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka bwawa lijengwe kwa kibali. Kwa Dar es Salaam, ofisi inayohusika ni Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu. Akikataa kusikiliza, barua ipitie serikali ya mtaa, na nakala ibaki nyumbani.

Halafu kuna watoto wenyewe. Lambo linawavuta: kuna vyura, kuna mpira uliodumbukia, kuna joto la mchana. Kingo za udongo zinateleza na kina hakionekani. Mtoto anaweza kuzama siku ya jua kali, wakati watu wazima wanatazama mawingu tu. Mwenye lambo aombwe aweke uzio, hata wa miti.

Usiku wa mvua kubwa, watoto wasilale chumba cha upande wa korongo. Wajue mapema nyumba ipi ya mlimani watakimbilia, na nani atambeba mdogo. Namba ya Zimamoto ni 114. Ihifadhiwe hata kwenye simu ya dada wa kazi.