ATV za bei nafuu: Waranti isiishie mpakani

PIKIPIKI za matairi manne, ambazo wengi wanazijua kwa jina la ATV, zilizoeleka katika ukanda huu kama mchezo wa watalii. Anayefika Jinja, Naivasha, Diani au Nungwi huzikuta zikikodishwa, mgeni akafurahi, kisha akaondoka. Sasa zinaingia majumbani. Mzazi mwenye shamba nje ya mji au uwanja mpana kijijini anaona kwenye simu yake mashine ya 110cc kutoka China, bei yake haiko mbali na ya pikipiki ya kawaida, naye anahesabu kwamba amepata zawadi ya likizo kwa familia nzima.

Hakuna ubaya katika hilo. Familia ya kipato cha kati ina haki ya kujifurahisha kwa fedha yake, na bidhaa ya bei nafuu si lazima iwe mbovu. Tatizo linaanza pale bei ya kwenye tangazo inapochukuliwa kuwa ndiyo gharama yote, na pale muuzaji, mzazi na serikali kila mmoja anapodhani kuwa usalama wa mtoto atakayeipanda ni kazi ya mwenzake.

Gharama ya kwanza isiyotajwa kwenye tangazo iko bandarini. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, pikipiki ziko kwenye kundi namba 8711, lakini ATV kwa kawaida huhesabiwa pamoja na magari ya abiria, kundi namba 8703. Mnunuzi aliyepiga hesabu ya ushuru wa pikipiki anaweza kujikuta anadaiwa ushuru wa gari. Kabla ya kutuma fedha nje, ni busara kumuuliza wakala wa forodha maswali mawili: mashine itaainishwa wapi, na inahitaji cheti gani cha ukaguzi wa ubora kabla ya kusafirishwa. Kenya, Tanzania na Uganda zote zina utaratibu wa kukagua bidhaa katika nchi zinakotoka, chini ya mashirika yao ya viwango ya KEBS, TBS na UNBS.

Gharama ya pili iko ndani ya kreti. ATV nyingi za bei ya chini hazifiki zikiwa tayari kupandwa. Matairi, usukani, betri na wakati mwingine breki hufungwa na mnunuzi au fundi wake. Hapa ndipo ajali nyingi zinapoweza kuzuiwa kwa spana tu. Kila nati na bolti ikaguliwe, hata zile zilizofungwa kiwandani, kisha zikaguliwe tena baada ya safari ya kwanza, kwa kuwa mtikisiko hulegeza. Oili iliyokuja na mashine ibadilishwe mapema, baada ya saa chache za kwanza za kutembea, maana ndani yake huwa na vumbi la chuma la injini mpya. Injini ya 110cc hula oili isiyofika lita 1. Anayebania fedha hiyo anajiandalia kununua injini.

Gharama ya tatu ni vipuri, na hapo mnunuzi anapaswa kujua jambo moja. Injini nyingi za ATV ndogo za China zimeigwa kutoka kwenye injini ndogo ya Honda inayolala, ileile iliyoigwa kwenye pikipiki nyingi nyepesi. Kwa hiyo plagi, pistoni, kabureta na hata klachi mara nyingi zinaweza kupatikana kwa muuza spea wa kawaida. Shida iko kwenye kiwiliwili: ekseli ya nyuma, mikono ya usukani, breki, waya na plastiki za mwili. Hivyo havifanani kutoka kiwanda hadi kiwanda. Mashine yenye injini nzima inaweza kukaa bandani mwaka mzima kwa kukosa bushi moja. Swali la kwanza kwa muuzaji, basi, lisiwe punguzo la bei. Liwe: ekseli na breki za mashine hii anaziuza nani, na yuko mji gani?

Likishajibiwa hilo, lifuate swali la mtoto. Kiwango kinachotumika Marekani kinagawa ATV za watoto kwa umri. Ya mtoto wa miaka 6 na kuendelea haitakiwi kuweza kuzidi kilomita 24 kwa saa. Ya miaka 10 na kuendelea mwisho wake ni kilomita 48, na zote ziwe na kifaa cha kupunguza mwendo ambacho mzazi anakifunga mwenyewe. Madaktari wa watoto wa nchi hiyo wamekwenda mbali zaidi: chama chao kinashauri mtoto wa chini ya miaka 16 asiendeshe ATV kabisa. Mzazi wa Afrika Mashariki anaweza kuchagua msimamo wake kati ya hiyo miwili, lakini hawezi kusema kwamba mashine ya mtu mzima inamfaa mtoto kwa sababu miguu yake inafika chini.

Kuna pia mazoea yetu ya barabarani. Anayepanda bodaboda amezoea mishikaki, baba mbele, mtoto katikati, mama nyuma. Kwenye ATV mazoea hayo ni hatari ya aina nyingine. Nyingi kati ya mashine ndogo hazina difu. Matairi mawili ya nyuma yanazunguka pamoja kwenye ekseli moja, na mashine haikati kona vizuri mpaka dereva ahamishe uzito wa mwili wake. Akiwekewa abiria nyuma hawezi kuhama, na mashine iliyotengenezwa kwa mtu mmoja inapinduka na kuwalalia wawili. Kwa sababu hiyohiyo ATV haifai kwenye lami. Ni chombo cha shamba, mchanga na njia za vumbi, na anayeipanda avae helmeti, viatu vya kufunika mguu na suruali ndefu, hata kama anazunguka nyumba tu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na matunzo ya ATV yanathibitisha usemi huo. Vumbi la ukanda huu huziba chujio la hewa haraka. Lisafishwe mara kwa mara, hasa baada ya safari ya kiangazi. Cheni ilainishwe na ikazwe kwa kipimo. Breki zijaribiwe kabla ya mtoto kupanda. Petroli isiachwe kwenye kabureta miezi mitatu ikisubiri likizo ijayo. Ifungwe bomba la mafuta, injini iachwe iunguruma mpaka izime yenyewe. Na matairi yasijazwe kama ya pikipiki. Mengi yanahitaji psi 3 hadi 7 tu, upepo mdogo ambao kipimo cha kituo cha mafuta hakiusomi vizuri. Tairi lililojazwa kupita kiasi hudunda, na mashine inayodunda humtupa dereva.

Hayo yote ni wajibu wa familia. Lakini familia peke yake haitoshi, na nchi zilizotangulia zimeona hivyo. Marekani iliacha muda mrefu suala hili mikononi mwa ahadi za watengenezaji. Mwaka 2008 ilitunga sheria iliyofanya kiwango cha usalama cha ATV kuwa cha lazima kwa kila anayeingiza au kutengeneza, na kupiga marufuku ATV mpya za matairi matatu. Hata hivyo mamlaka zake zimeendelea kuwaonya wazazi kuhusu mashine za bei ya chini za watoto zinazoingia bila kutimiza masharti. Australia, ambako mashine hizi ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya vifo mashambani, ilianza kutumia kiwango kipya mwaka 2020, na kuanzia Oktoba 2021 ikadai ATV mpya za kazi ziwe na chuma cha kumkinga dereva pale mashine inapopinduka. Kampuni za Honda na Yamaha zilitangaza kuondoka katika soko hilo. Serikali haikurudi nyuma.

Afrika Mashariki haina sababu ya kusubiri takwimu za mazishi ndipo ianze. Nyenzo zipo. Jumuiya ina sheria ya viwango ya mwaka 2006 inayoruhusu kiwango kimoja kutumika katika nchi zote wanachama. Ina Himaya Moja ya Forodha, ambayo chini yake mzigo wa Kampala au Kigali unalipiwa ushuru ukiwa bado Mombasa au Dar es Salaam. Kilichobaki ni kuifanya mashine ile ile imlinde mnunuzi pale ambapo imeishamtoza.

Mambo matatu yanatosha kuanzia. Kwanza, kila ATV inayoingia kupitia bandari za Jumuiya iwe na lebo inayoonekana ya umri, kasi ya juu na idadi ya watu, na isiyo nayo isipite. Pili, waranti inayotolewa Dar es Salaam iheshimiwe Bujumbura, na ya Mombasa iheshimiwe Goma. Muuzaji anayeuza kwa wateja wa nchi tano hawezi kuwa na anwani katika nchi moja tu siku ya malalamiko. Ushuru ukivuka mpaka, wajibu nao uvuke. Tatu, kitabu cha maelekezo kije kwa Kiswahili. Wakuu wa nchi waliridhia mwaka 2021 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya. Uamuzi huo utakuwa na maana kwa fundi wa Morogoro au Bukavu siku atakapousoma ndani ya kreti, badala ya kukisia michoro ya Kichina na Kiingereza kilichovunjika.

Wapo watakaosema kwamba masharti yatapandisha bei na kuwanyima furaha wenye kipato kidogo. Yatapandisha kidogo. Lakini ATV iliyouzwa bila lebo, bila spea na bila mtu wa kuwajibika haikuwa nafuu hata siku ya kwanza. Gharama yake iliahirishwa tu, na aliyeachiwa kuilipa ni mtoto aliyeketi juu yake. Mawaziri wa biashara wa Jumuiya waliweke suala hili mezani sasa, wakati mashine hizi bado ni chache.