Mtoto wa mwisho darasani si mzigo

Mama, leo tuongee mpira kidogo, usinipite.

San Marino ni kanchi kadogo kalikozungukwa na Italia, watu kama 34,000 tu. Kwa miaka mingi timu yao imekuwa ya mwisho kabisa kwenye orodha ya FIFA. Waliifunga Liechtenstein Aprili 2004, kisha miaka 20 bila ushindi hata mmoja! Mpaka Septemba 5, 2024, wakaifunga tena Liechtenstein 1-0. Mfungaji Nicko Sensoli, miaka 19. Yaani ule ushindi wa kwanza alikuwa hajazaliwa. Novemba wakashinda tena 3-1, ugenini, wakapanda daraja.

Hebu fikiria, kijana kakua hajawahi kuona timu ya nchi yake ikishinda, na bado akaenda mazoezini.

Sasa wewe, mwanao kawa wa mwisho muhula mmoja tu, unamwita mzigo mbele ya watu? Kliniki nawasikia, jamani. Mtoto akiambiwa kila siku hawezi, anaacha kujaribu. Mkosoe, msaidie, ila usimtoe uwanjani. Akirudi na matokeo, anza na hili: "Wapi palikuwa pagumu, mwanangu?"

Nesi wenu.