Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Wenye selimundu waulizwe wenyewe

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

Mimi ni mzazi wa binti mwenye selimundu, na nakuandikia kuhusu maumivu yasiyoingia kwenye faili.

Binti yangu ni fundi cherehani. Maumivu yakimshika magotini na mgongoni hawezi kukanyaga pedeli, nguo za watu zinalala, na mteja akifika naombwa niseme kitambaa cha bitana hakijapatikana. Siku ya kliniki anaulizwa kama amelazwa au ameongezewa damu tangu mara ya mwisho. Hajalazwa, hajaongezewa. Inaandikwa kwamba anaendelea vizuri. Simlaumu daktari, kwa sababu ameuliza alichowekewa kuuliza.

Mheshimiwa, utafiti uliofanywa Virginia, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2008, uliwapa watu wazima 232 wenye selimundu daftari za kujaza kila siku. Walikuwa na maumivu katika zaidi ya nusu ya siku walizoandika. Siku walizokwenda hospitali kwa ajili ya maumivu hayo hazikufika 4 katika kila 100. Kwetu, ambako nauli na foleni humfanya mtu avumilie kwanza, sioni sababu ya kuamini kwamba pengo hilo ni dogo. Tukihesabu waliolazwa tu, tunahesabu sehemu ndogo ya ugonjwa.

Ndiyo maana naomba wizara yako isimamie utengenezaji wa dodoso la Kiswahili la wagonjwa wa selimundu, linaloanzia kwa wagonjwa wenyewe. Nasisitiza hapo. Dodoso maarufu la afya la SF-36 limekwisha kutafsiriwa kwa matumizi ya Tanzania, na majaribio yake yalichapishwa mwaka 1999. Kazi hiyo naiheshimu. Lakini lile la asili, la Kimarekani, linamuuliza mtu kama afya yake inamzuia kusukuma mashine ya kufyonza vumbi au kucheza gofu. Mifano kama hiyo hubadilishwa. Mambo yanayoulizwa yanabaki kuwa yale yaliyochaguliwa na wengine. Hakuna tafsiri itakayozaa swali kuhusu mwanafunzi anayetakiwa kunywa maji mengi huku mwalimu akimkatalia kutoka kwenda chooni. Wala kuhusu kuoga maji ya baridi alfajiri bwenini, au posa iliyovunjika baada ya ugonjwa kujulikana. Na wako vijana wa kiume ambao uume husimama kwa saa nyingi kwa maumivu makali, wakanyamaza kwa aibu mpaka wakapata madhara ya kudumu. Hao hawatasema wasipoulizwa, tena faraghani.

Kazi yenyewe inataka subira. Watafiti wakae na wagonjwa, wasikilize, waandike maswali kwa maneno waliyoyasikia. Kisha wayarudishe, na kwa kila swali wamuulize mgonjwa ameelewa nini. Hapo ndipo maswali mengi mazuri ya mezani huanguka. Aliye katika hali ileile aulizwe tena baada ya siku chache, ionekane kama majibu yametulia. Aliyezidiwa naye, majibu yake yaonyeshe kuzidiwa huko. Na muda unaoulizwa uwe mfupi, wiki moja, si miezi sita ambayo hakuna anayeikumbuka.

Asiyejua kusoma asiachwe. Chama cha huduma shufaa cha Afrika, APCA, chenye makao yake Kampala, kina kipimo cha maswali 10 tu, yakiwamo ya familia inayomuuguza mgonjwa, na majibu ni ya 0 hadi 5. Mgonjwa anaweza kuonyesha kwa mkono: ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni makali kupita kiasi. Hata mtoto aliyeanza shule anaelewa.

Mheshimiwa Waziri, tenga fedha, na uagize wagonjwa wawemo katika kamati tangu kikao cha kwanza. Dodoso likishapimwa, ukurasa wake uingie kwenye faili la kila kliniki, na daktari ausome kabla ya kuamua kuanzisha dawa ya haidroksiyurea, kuongeza dozi au kumwambia mtu anaendelea vizuri.

Wako mtiifu,
Mzazi wa mgonjwa wa selimundu,
Dar es Salaam.