Ngozi iliyolegea isikurudishe kwenye unene

Mtu anayefanikiwa kupunguza kilo 30 au 40 hutarajia furaha tupu. Presha imeshuka, sukari imetulia, magoti hayaumi tena. Lakini akivua nguo anakuta ngozi inaning'inia tumboni, mikononi, mapajani na kifuani. Mtaani nako maneno hayakosi: "Mbona umeisha hivyo? Unaumwa nini?" Hapa Mtwara, kama sehemu nyingi za nchi, aliyepungua bado hudhaniwa ana VVU au amefilisika. Wapo wagonjwa wanaoanza kula upya kwa makusudi ili ngozi ijae na watu wanyamaze. Ngozi iliyolegea ni kero ya kweli na inastahili huduma, lakini kuifukia kwa mafuta mapya ni kuirudisha presha na kisukari nyumbani.

Ngozi hukaza kwa sababu ina nyuzi zinazovutika na kurudi, mfano wa lastiki ya sketi. Lastiki iliyovutwa kwa miaka mingi hairudi yote. Ndiyo maana aliyekaa na unene muda mrefu, mwenye umri mkubwa, aliyezaa mara kadhaa au anayevuta sigara hubaki na ngozi nyingi zaidi. Baada ya uzito kutulia, ngozi huweza kuendelea kujivuta kidogo kidogo kwa mwaka mmoja hadi miwili. Kwa hiyo usikate tamaa mwezi wa tatu.

Hakuna krimu, mafuta wala mkanda wa kubana tumbo unaoondoa ngozi iliyozidi. Baadhi ya krimu zinazouzwa kwa ahadi hizo hazina maelezo ya viambato. Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na vinadhuru. Fedha hiyo ni bora ununue samaki.

Nasema samaki kwa sababu misuli inayokua hujaza sehemu ya nafasi iliyoachwa na mafuta. Misuli inahitaji protini kila siku, na pwani yetu imejaliwa: samaki, pweza, dagaa, mayai, mbaazi, kunde na choroko. Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza kiasi kinachomfaa. Kutembea peke yake hakutoshi. Mara mbili au tatu kwa wiki nyanyua madumu madogo ya maji, kaa na kuinuka kwenye kiti mara kumi kumi, sukuma ukuta kwa mikono. Punguza uzito polepole, nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, ili usipoteze misuli pamoja na mafuta.

Shida kubwa zaidi kiafya iko ndani ya mikunjo. Kwa joto na unyevu wa pwani hii, jasho hukaa chini ya tumbo, chini ya matiti na kwenye mapaja. Ngozi husuguana, huwasha, hutoa harufu, kisha fangasi huingia. Oga kwa sabuni isiyo kali, kausha kwa kugusagusa taratibu bila kusugua, kisha weka kipande safi cha kanga au pamba kati ya mikunjo na ukibadilishe kinapolowa. Ukiona wekundu, weusi mpya au mpasuko, nenda kituo cha afya. Usinunue krimu za mchanganyiko zenye dawa kali za kupunguza uvimbe. Hutuliza mwasho siku chache huku fangasi wakisambaa na ngozi ikizidi kuwa nyembamba. Mwenye kisukari asisubiri kidonda.

Upasuaji wa kuondoa ngozi upo nchini, ukiwemo ule wa Muhimbili Mloganzila, Dar es Salaam. Anza na daktari wa Ligula au Hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Uzito uwe umetulia angalau miezi sita, sukari idhibitiwe, sigara ziachwe, na mama anayetaka kuzaa tena asubiri. Kovu huwa refu, na sisi watu weusi tuna uwezekano mkubwa zaidi wa kupata makovu ya kuvimba. Kuna hatari pia ya maambukizi na damu kuganda miguuni. Uliza mapema kuhusu bima, na hakikisha kila fangasi na kidonda cha mikunjo kinaandikwa kwenye faili lako, kwani upasuaji wa tiba hutazamwa tofauti na ule wa urembo.

Wazazi, kijana aliyepungua naye anapitia haya. Ngozi yake changa hurudi vizuri kuliko yetu, lakini moyo wake huumia haraka. Ukimwona anavaa sweta kwenye joto la Desemba au anakataa kwenda kuogelea na wenzake Shangani, zungumza naye faraghani. Msimtanie mbele ya wageni, na msimpe dawa za kupunguza mwili.

Mwisho, yote haya yanamhusu aliyepungua kwa kukusudia. Anayekonda bila kujitahidi aende hospitali apimwe kifua kikuu, VVU, kisukari na magonjwa mengine. Na wewe unayekutana naye njiani, kabla ya kuuliza "una nini", jaribu kuuliza "hali yako?"